Shingo upande: namna ya kujifunza neno moja la Kiingereza hadi likae

Wengi ninaowafundisha Kiingereza ni watu wazima wenye kazi zao. Wanakuja darasani na madaftari yaliyojaa maneno: kushoto neno la Kiingereza, kulia neno moja la Kiswahili, katikati alama ya sawasawa. Wameyakariri kwa bidii ya kweli. Ukimuuliza mtu neno lolote la ukurasa ule anakujibu papo hapo. Mwambie sasa alitungie sentensi: ama atakwama, ama atatunga sentensi ambayo kila neno lake limo kwenye kamusi, na bado hakuna mzungumzaji wa Kiingereza anayeweza kuisema.

Naumia kuona juhudi zote hizo zikizaa kidogo, maana tiba ipo na haihitaji kipaji. Chukua maneno machache, kisha kaa na kila moja kwa muda wa kutosha. Hapa nitachukua neno moja tu, reluctant, na kulipitisha katika hatua zote ninazowafundisha. Nimelichagua kwa sababu utalikuta kwenye habari, kwenye riwaya na kwenye barua pepe za kazini, na kwa sababu Kiswahili kina misemo miwili inayolikaa barabara ambayo kamusi nyingi haziitaji. Tutaifikia.

Anza na sentensi uliyolikuta

Ukikutana na neno jipya, usikimbilie kamusi. Nakili kwanza sentensi nzima kama ilivyo. Tuseme umesoma hii: "She was reluctant to lend him the money, but in the end she gave him half of it." Maneno mengine yote unayajua. Kuna mwanamke, kuna mtu anayetaka kukopeshwa, kuna pesa. Kisha kuna "but", neno dogo linalosema mengi: linalofuata linakwenda kinyume na lililotangulia. Mwishoni alitoa nusu. Basi hapo mwanzo hakuwa na moyo wa kutoa. Andika dhana yako kwa penseli pembeni: "hakutaka?", "aliogopa?", "aliona aibu?" Alama ya kuuliza iache palepale. Neno ulilolihangaikia kidogo kabla ya kupewa jibu hukaa kichwani kuliko lile ulilokabidhiwa tu.

Wako walimu wanaosema muktadha unatosha, kamusi ya nini. Mimi sikubaliani nao. Jaribu mwenyewe kuweka "afraid" mahali pa reluctant katika sentensi ile. Inakubali. Weka "ashamed". Nayo inakubali. Muktadha umekuonyesha mtaa, haujakuonyesha nyumba. Kazi ya muktadha ni kukutayarisha uifungue kamusi ukiwa na swali mkononi.

Kabla hujaifungua, itazame sentensi mara ya pili, safari hii bila kujali maana. Kabla ya reluctant kuna "was". Baada yake kuna "to lend". Pigia mstari vyote viwili. Tayari unajua mambo mawili ya sarufi yake ambayo daftari lenye alama ya sawasawa lisingekuambia kamwe.

Kamusi ipi, na usome nini ndani yake

Simkatazi mtu kamusi ya Kiingereza na Kiswahili. Ndiyo mlango wa kwanza, na ukiikataa kwa sababu ya kujionyesha unajichelewesha bure. Ila ujue inakupa nini. Kwa reluctant itakupa kitu cha mfano wa "-siotaka" au "-enye kusita". Mwanafunzi wangu mmoja, dereva mwenye kupenda sana kusoma, aliliandika hilo la pili daftarini, na wiki iliyofuata akaniletea sentensi hii: "The car was reluctant at the junction." Alitaka kusema gari lilisita lilipofika kwenye makutano ya barabara.

Kwa Kiswahili amesema sawa kabisa. Kusita kwetu ni kupana: miguu husita, gari husita, ulimi husita, moyo husita. Reluctant haina miguu wala magurudumu. Inakaa katika utashi peke yake, pale mtu anapotakiwa kufanya jambo na moyo wake haulitaki. Gari lile kwa Kiingereza "hesitated" au "slowed down". Neno la Kiswahili lilikuwa sahihi. Mipaka yake ndiyo iliyokuwa tofauti, na mipaka haionekani mpaka uione mifano.

Kwa hiyo mlango wa pili ni kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza. Nasisitiza hilo la kujifunza. Kamusi kubwa za wenye lugha zinamweleza mtu ambaye tayari anajua neno linavyotumika, na mara nyingi hueleza neno gumu kwa jingine gumu zaidi. Za wanaojifunza zilianza kwa nia nyingine. A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha Japani, pamoja na wenzake, walitoa ya kwao Tokyo mwaka 1942, na walijali hasa jambo linalomsumbua mgeni: neno hili likishatajwa, ni umbo gani linalofuata? Mwaka 1987 ikatoka kamusi ya COBUILD, kazi iliyoongozwa na John Sinclair katika Chuo Kikuu cha Birmingham, iliyojengwa juu ya mkusanyiko mkubwa wa maandishi halisi uliohifadhiwa kwenye kompyuta. Hiyo hueleza neno kwa sentensi kamili: "If you are reluctant to do something..." Ona uzuri wake. Hujafika kwenye maana, na umeshapewa "are" ya mbele na "to do" ya nyuma. Sarufi imo ndani ya maelezo yenyewe.

Nyingi za kamusi hizi zinapatikana bure kwenye intaneti pamoja na sauti. Ukiingia, soma kwa mpangilio huu: aina ya neno (reluctant ni kivumishi), kisha mifano, kisha maelezo ya maana. Ndiyo, mifano kabla ya maelezo. Wanafunzi wengi huruka mifano kwa kudhani ni mapambo. Mimi nikiambiwa nifute sehemu moja ya kamusi, nitafuta maelezo na kubakiza mifano.

Sauti yake

Kamusi itaandika matamshi hivi: /rɪˈlʌktənt/. Kile kijistari cha juu husimama mbele ya silabi yenye mkazo. Mkazo uko kwenye "luc", silabi ya pili kutoka mwisho, mahali palepale Kiswahili kinapoweka mkazo wake. Ungedhani hapo tuna bahati. Lakini sisi huongeza irabu mwishoni, kwa sababu maneno yetu hayapendi kuishia na konsonanti. Mtu akisema "riluktanti", silabi imeongezeka moja, na mkazo unahama wenyewe kwenda "tan". Msikilizaji anayelisubiri neno kwa mkazo wake hatalitambua.

Fanya hivi: sema "ri-LAK" kwa nguvu, kisha malizia "tnt" kwa haraka na kwa sauti ya chini, karibu bila irabu, na ufunge mdomo ulimi ukiwa umegusa ufizi. Irabu ya katikati ni "a" fupi kama ya "kata", wala si "u", hata kama imeandikwa u. Lisikilize kwenye kamusi, lirudie kwa sauti, kisha lirudie ndani ya sentensi nzima. Neno lililotamkwa peke yake mara nyingi hupotea likiwa katikati ya mengine.

Kuona uzito, na shingo upande

Sasa maana. Chukua maneno matatu ambayo wanafunzi huyachanganya: unwilling, hesitant na reluctant.

Mtu aliye unwilling hataki, na pengine ndio mwisho wa habari. "He was unwilling to go, so he stayed." Sentensi imekaa vizuri. Mtu aliye hesitant hana uhakika. Hajaamua kama anataka au hataki, anapima. "She was hesitant, because she did not know which road was safer." Anasita kwa kutojua. Mtu aliye reluctant anaijua vizuri hali ya moyo wake: hapendi. Lakini mlango haujafungwa, na mara nyingi sana mwishowe atafanya. "He was reluctant to go, but he went."

Hapa ndipo Kiswahili kinapotusaidia kuliko kamusi. Tunasema "naona uzito kumwambia". Hatusemi kwamba hatutamwambia. Tunasema jambo lenyewe linatulemea. Hiyo ndiyo "I am reluctant to tell him", bila kupunguza wala kuongeza. Na mtu akishakubali jambo bila kupenda, tunasema amekubali shingo upande. Hiyo ndiyo "he reluctantly agreed".

Usiipite tofauti kati ya misemo hiyo miwili, kwa sababu Kiingereza nacho kinayo. Tazama:

"He was reluctant to sign."
"He reluctantly signed."

Ya kwanza haikuambii kama alisaini. Aliona uzito kusaini. Pengine alisaini, pengine aliondoka na kalamu mfukoni. Ya pili inakuambia wazi kwamba sahihi iko kwenye karatasi, ila iliwekwa shingo upande. Kivumishi kinaeleza moyo kabla ya tendo. Kielezi kinaeleza tendo lililokwisha kutendeka. Mtu anayesoma mkataba au taarifa ya habari asipoiona tofauti hiyo anaweza kuelewa kinyume kabisa. Darasani nikiandika sentensi hizo mbili ubaoni huwauliza swali moja tu: amesaini au hajasaini? Nawaacha wabishane. Wakishabishana, hawalisahau.

Kukariri "reluctant = -enye kusita" kusingekufikisha hapo. Kwa hiyo unapotafuta maana ya neno la Kiingereza, usitafute neno moja la Kiswahili. Jiulize: katika hali kama hii, mimi ningesemaje na ndugu yangu? Mara nyingi jibu litakuja kama msemo, kitenzi au sentensi nzima, na litakuwa sahihi zaidi kuliko kisawe cha kamusi.

Mtego wa "am"

Kosa ninalolisahihisha kuliko yote kwenye neno hili ni "I reluctant to go." Sababu yake inaeleweka. Wazo hili kwetu limekaa ndani ya kitenzi: nasita, naona uzito. Kitenzi kinajitosheleza. Kwa Kiingereza limekaa ndani ya kivumishi, na kivumishi hakiwezi kusimama baada ya "I" bila kuegemea "am". Basi liandike daftarini likiwa na mwenzake, "be reluctant to", wala usiliandike peke yake hata siku moja. Vivyo hivyo, baada ya "to" kinakuja kitenzi kitupu: "reluctant to go". Si "reluctant to going", wala si "reluctant of going".

Majirani zake

Mwanaisimu J. R. Firth aliandika mwaka 1957 kwamba neno utalijua kwa kuangalia linaandamana na nani. Kwa anayejifunza, hilo ni agizo la kazi. Kusanya majirani wa neno lako, wa kushoto na wa kulia, kutoka kwenye mifano ya kamusi na kwenye chochote unachosoma.

Kulia kwa reluctant, baada ya "to", utakuta vitenzi fulani vikijirudia: admit, accept, discuss, speak, leave, change, commit. Visome pamoja. Ni mambo ambayo binadamu kwa kawaida huona uzito kuyafanya: kukiri, kukubali, kuzungumzia jambo nyeti, kuondoka, kubadilika, kujifunga kwa ahadi. Hutakuta "reluctant to win" mara nyingi, maana nani anaona uzito kushinda? Majirani wenyewe wamekueleza maana.

Kushoto utakuta "seem" na "remain": anaonekana kutotaka, bado hataki. Utakuta na vielezi. "Understandably reluctant" ni mtu anayesita na sababu zake zinaeleweka, na mwandishi yuko upande wake. "Initially reluctant" inakudokeza kwamba baadaye alikubali. Ukiiona, tegemea "but" mbele. Anayesita si lazima awe mtu mmoja. Serikali, benki, kampuni, mashahidi na wanunuzi, wote huwa reluctant kwenye kurasa za habari.

Kisha kuna matumizi ambapo neno linatangulia nomino bila "to". "A reluctant witness" ni shahidi anayetoa ushahidi bila kupenda. "A reluctant hero" ni mtu aliyesukumwa na hali hadi akawa shujaa, mwenyewe hakuutafuta ushujaa. "A reluctant reader" walimu humwita hivyo mtoto anayejua kusoma lakini hapendi kushika kitabu. Katika yote matatu tendo lipo: shahidi anashuhudia, shujaa anaokoa, mtoto anasoma. Ni shingo upande tena.

Ukoo wa neno

Ukilijua neno moja, chukua na ndugu zake kwa safari hiyohiyo. Reluctantly ni kielezi, tumekiona. Reluctance ni nomino, nayo inaishia na sauti ya "s". Inapenda "with" mbele yake na "to" nyuma yake: "She agreed with great reluctance." "His reluctance to answer worried us." Kitenzi cha kila siku hakipo, usijaribu kusema "he reluctanted".

Zoezi ninalolipenda ni kusema wazo moja kwa ndugu wote. Chukua mtu aliyeuza nyumba bila kupenda. "He was reluctant to sell the house." "Reluctantly, he sold the house." "He sold the house with reluctance." "His reluctance to sell the house surprised his children." Sema zote nne kwa sauti, na kila moja jiulize: nyumba imeuzwa? Katika ya pili na ya tatu, imeuzwa. Katika ya kwanza na ya nne, huwezi kujua.

Asili ya neno nayo huwa naitaja, kwa wanaopenda. Limetoka katika Kilatini, kitenzi chenye maana ya kupambana na kitu kinachokusukuma. Ndani yake mna "luctari", kupigana mieleka. Mwaka 1667 mshairi John Milton alilitumia bado likiwa na harufu ya mapambano hayo, akilipa kazi ya kueleza miali ya moto iliyochanganyika na moshi. Baadaye pambano likahamia moyoni. Ukisoma fizikia utakutana na reluctance nyingine, ile ya sumaku: Oliver Heaviside alilichagua neno hilo mwaka 1888 kutaja ukinzani ambao kitu kinauweka dhidi ya mkondo wa sumaku unaotaka kupita ndani yake. Chuma laini kina ukinzani mdogo, hewa ina mkubwa. Anayejua mieleka ya Kilatini haoni ajabu yoyote hapo.

Neno hili likitumika kwa adabu

Hili linataka sikio zaidi ya kamusi. Katika Kiingereza cha kazini, reluctant mara nyingi ni njia ya kistaarabu ya kukataa. Mtu akikuandikia "I would be reluctant to sign this without a lawyer", usimjibu kama mtu anayehitaji kubembelezwa kidogo. Amekuambia hatasaini bila wakili. Akisema "I'd be reluctant to promise a date", hakupi tarehe. Ile "would" imelainisha sauti, haikulainisha uamuzi. Na sisi tunalo jambo hilo: mtu mzima akikuambia "hapo naona uzito kidogo, mwanangu", umeshaelewa jibu, huhitaji kungoja neno "hapana".

Nawe litumie hivyo. Ukitaka kumkatalia mkubwa wako kwa Kiingereza bila kumvunjia heshima, "I'm a little reluctant to..." itakufaa kuliko "I don't want to", ambayo masikioni mwao inasikika kama ya mtoto. Baada yake weka sababu: "I'm a little reluctant to change the plan now, because the printing has already started." Bila sababu, adabu ile inabaki nusu.

Liwekee mpaka na jirani mmoja anayechanganya hata wenye lugha: reticent. Huyo ni mtu asiyependa kusema, mwenye kuweka mambo yake moyoni. Wako wanaoliandika kwa maana ya reluctant, na wako wanaokasirika wakiliona hivyo. Wewe liachie ukimya tu, hutakosana na mtu.

Tunga sentensi za kweli

Sasa daftari. Andika sentensi tatu au nne, na zote ziwe za kweli kuhusu maisha yako. Sentensi ya kubuni kuhusu "John and Mary" haina pa kujishikiza akilini. Ya kweli inajishikiza kwenye kumbukumbu iliyokwisha kuwamo. Moja iwe ya wakati uliopo: jambo unaloona uzito kulifanya wiki hii. Moja iwe ya wakati uliopita na iwe na "but". Moja imhusu mtu unayemjua vizuri. Moja itumie reluctantly kwa jambo ulilolifanya shingo upande.

Mama mmoja darasani kwangu aliandika: "My father was reluctant to see a doctor, but my mother carried his shoes to the door." Nilimwambia, "Dada, hapo sina cha kusahihisha." Sentensi ile ina kila kitu: "was", "to see", "but", na baba tunayemjua sote. Sidhani kama neno lile litamtoka tena.

Ukishaandika, zipeleke sentensi zako kwa mtu anayekijua Kiingereza vizuri kuliko wewe, au zilinganishe na mifano ya kamusi, umbo kwa umbo. Usiulize tu "ni sahihi?" Uliza "wewe ungesema hivi?" Majibu ya maswali hayo mawili mara nyingi hayafanani.

Kulirudia bila kulichosha

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba sehemu kubwa ya kilichokaririwa hupotea mapema, na kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hufaa kuliko yaliyorundikwa pamoja. Mwaka 1972 Sebastian Leitner alieleza namna rahisi ya kulifanyia kazi jambo hilo kwa kadi na sanduku lenye vyumba: kadi unayoijibu vizuri inasogea chumba cha mbele na kurudiwa baada ya muda mrefu zaidi, unayoikosa inarudi chumba cha kwanza. Programu nyingi za simu za kukariri maneno zinafuata wazo hilohilo.

Kadi au programu, chagua unachokipenda. Ninachojali mimi ni kinachoandikwa kwenye kadi. Usiandike reluctant upande mmoja na "-enye kusita" upande wa pili, utakuwa umeirudisha alama ya sawasawa kwa mlango wa nyuma. Andika sentensi yako mwenyewe yenye pengo: "My father was ______ see a doctor, but my mother carried his shoes to the door." Pengo limeze reluctant pamoja na "to" yake, ili ujikumbushe vyote viwili. Kadi nyingine iwe na hali kwa Kiswahili: "Alikubali shingo upande kuongoza kikao." Nyuma yake: "She reluctantly agreed to chair the meeting." Ukiigeuza kadi, isome kwa sauti.

Si kila neno linastahili kazi yote hii. Neno adimu la ushairi au la mimea, elewa maana yake pale ulipolikuta na uendelee na kitabu chako. Lipe kazi hii lile uliloliona mahali patatu tofauti, au lile ulilolihitaji ukiongea na ukalikosa. Hilo la kulikosa ndilo bora kuliko yote. Liandike siku hiyohiyo.

Ukimaliza na reluctant, chukua willing, eager na determined, kwa maana yanalingana nalo kwa umbo: "be" mbele, "to" nyuma, kitenzi kitupu baada yake. Mbinu uliyokwisha kuijua itakubeba. Kisha weka averse kando yake, na hapo fungua macho. "I am averse to taking risks." Hiyo "to" imefuatwa na "taking", si "take". Tafuta mifano mitano ya averse na uone kinachosimama baada ya "to" katika kila mmoja, kabla hujatunga sentensi yako ya kwanza.